Dk. Livingstone: Saa zilizoanguka njiani zikampoteza kinamasini

KWA wakusanyaji wa saa za kale za kifahari, hasa zile zilizotengenezwa kwa ajili ya wapanda milima, wazamiaji na madereva wa mashindano, swali la kwanza kuhusu saa yoyote ni kipenyo chake. Rolex Explorer ya miaka ya 1950 ina takriban milimita 36, Submariner za mwanzo zina takriban 37, na zile zilizotoka kuanzia mwaka 1959 zina 40.

Tofauti hiyo ya milimita nne ni ndogo kuliko upana wa punje ya mahindi, lakini hubishaniwa kwa uzito mkubwa. Oktoba 2017, mjini New York, saa ya Rolex Daytona iliyokuwa ya mcheza filamu Paul Newman, yenye kipenyo cha takriban milimita 37, iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola za Marekani milioni 17.

Saa hizo za mkononi ni wajukuu wa saa kubwa zaidi, za mfukoni, zenye kipenyo cha milimita 50 hivi, ambazo wapelelezi wa karne ya 19 walizibeba barani Afrika. Kwao saa haikuwa pambo. Ilikuwa chombo cha kazi, na ilipokosea, aliyeibeba alipotea.

Mmoja wa watu hao alipita Ufipa mwaka 1872. Hakupanda hadi kwenye nyanda za juu, yalipo leo Pito na mji wa Sumbawanga, bali alifuata chini, kando ya Ziwa Tanganyika, akiwa mgonjwa na amechoka. Huyo alikuwa Dk. David Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Scotland.

Maisha yake yamesimuliwa mara nyingi kwa habari za simba, za maporomoko ya maji na za kukutana kwake na Stanley. Yanaweza pia kusimuliwa kwa saa zake, kwa kuwa ndizo zilizompa sifa ya kuchora ramani za kuaminika, na hitilafu yao ilichangia kumfikisha kwenye kinamasi kilichommaliza.

Mtoto wa kengele ya kiwanda

Livingstone alizaliwa Machi 19, 1813 katika mji mdogo wa Blantyre, Scotland, katika familia ya watu wa kipato cha chini. Alipokuwa na umri wa miaka 10 aliajiriwa katika kiwanda cha nyuzi za pamba, ambako kazi ilianza saa 12 asubuhi na kumalizika saa mbili usiku.

Hivyo, kabla hajamiliki saa yoyote, maisha yake yalitawaliwa na saa ya mwajiri. Baada ya kazi alikwenda shule ya usiku, na sehemu ya mshahara wake wa kwanza aliitumia kununua kitabu cha sarufi ya Kilatini, ambacho alikisoma hata akiwa mbele ya mashine.

Kwa juhudi hizo alifanikiwa kusomea udaktari mjini Glasgow, akajiunga na Chama cha Wamisionari cha London, na mwaka 1841 aliwasili Afrika Kusini. Mwaka 1844, akiwa Mabotsa, alishambuliwa na simba na kuvunjwa mfupa wa mkono wa kushoto. Jeraha hilo litatajwa tena mwishoni mwa habari zake.

Mwaka 1845 alimwoa Mary, binti wa mmisionari Robert Moffat. Lakini Livingstone hakuwa mtu wa kukaa kituoni. Mwaka 1849 alifika Ziwa Ngami, na mwaka 1851 aliuona Mto Zambezi.

Somo la nyota mjini Cape Town

Mwaka 1852 aliisindikiza familia yake hadi Cape Town ili irejee Uingereza. Huko alipata mafunzo yaliyobadili hadhi ya safari zake, kutoka kwa Thomas Maclear, mnajimu wa serikali katika kituo cha kuchunguza nyota cha rasi hiyo. Alimfundisha namna ya kupima mahali alipo kwa kutumia jua, mwezi na nyota.

Kupima umbali wa mahali kutoka ikweta, yaani latitudo, hakuhitaji saa sahihi sana. Kazi ngumu ni longitudo, yaani umbali wa mahali kwa upande wa mashariki au magharibi.

Dunia hujizungusha digrii 15 kwa kila saa moja, yaani digrii moja kwa kila dakika nne. Msafiri anayejua saa halisi ya pale alipo kwa kutazama jua, na wakati huohuo akajua ni saa ngapi Greenwich nchini Uingereza, anaweza kukokotoa longitudo yake kutokana na tofauti ya saa hizo mbili.

Lakini ili ajue saa ya Greenwich akiwa katikati ya Afrika, ilimbidi aibebe. Na kwa kuwa digrii moja karibu na ikweta ni takriban kilomita 111, saa iliyokosea kwa dakika moja tu ilimweka msafiri kwenye ramani karibu kilomita 28 mbali na alipokuwa.

Ndiyo maana Livingstone alithamini mno saa aliyosafiri nayo katika safari yake kubwa ya kwanza. Ilikuwa kronomita ya mfukoni iliyotengenezwa na kampuni ya Dent ya London kwa ajili ya Shirika la Kifalme la Jiografia, na ilikuwa na kifaa cha kuusimamisha mshale wa sekunde ili mpimaji apate wakati kamili wa kipimo chake.

Kusimamisha mshale wa sekunde kwa kubonyeza ni jambo ambalo leo hutafutwa na wakusanyaji katika saa za mashindano ya magari. Kwa Livingstone halikuwa la mashindano, bali la kutofautisha kijiji na kijiji kwenye ramani iliyokuwa tupu.

Akiwa na saa hiyo alisafiri kutoka Linyanti hadi Luanda, pwani ya Atlantiki, alikofika Mei 1854. Kisha aligeuka, na Novemba 1855 aliyaona maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, ambayo aliyapa jina la Malkia Victoria. Mei 1856 alifika Quelimane, pwani ya Bahari ya Hindi.

Aliporejea Uingereza Desemba mwaka huo alipokewa kama shujaa, na wataalamu walishangazwa na usahihi wa vipimo vyake.

Kuanguka mara mbili

Msafara wake wa pili, wa Zambezi, kati ya mwaka 1858 na 1864, haukuwa na mafanikio hayo. Mkewe Mary alifariki dunia kwa homa huko Shupanga mwaka 1862, na serikali ya Uingereza iliuvunja msafara huo baada ya gharama kubwa na malalamiko mengi.

Mwaka 1866 alirudi kwa mara ya mwisho. Aliondoka Zanzibar, akashukia pwani ya kusini karibu na Mikindani na Mto Ruvuma, akiwa na nia ya kutafuta chanzo cha Mto Nile na kufichua biashara ya utumwa. Miongoni mwa watu wake walikuwamo Abdullah Susi na James Chuma. Chuma alikuwa kijana wa Kiyao aliyeokolewa kutoka msafara wa watumwa mwaka 1861.

Januari 1867, mvua zikinyesha na njia zikiteleza, mpagazi aliyebeba kronomita alianguka mara mbili. Livingstone alikuwa na desturi ya kuzilinganisha saa zake, lakini kuanguka huko kulibadili mwendo wao.

Ulinganishaji huo haukuhusu ukubwa. Msafiri aliyetegemea saa alibeba zaidi ya moja kwa sababu saa iliyo peke yake haina wa kuikosoa. Zikiwa kadhaa, inayoanza kukimbia au kuchelewa hujulikana kwa wenzake. Lakini zikianguka pamoja, hapabaki shahidi.

Siku chache baadaye wapagazi wawili walitoroka na mizigo, mmoja ukiwa na sanduku la dawa. Wasimulizi wengi wa maisha yake huutaja msiba huo wa dawa kuwa ndio ulioanza kumwua, na hapana shaka kwamba ulikuwa mkubwa. Msiba wa saa ulikuwa wa kimya zaidi, kwa kuwa saa hizo ziliendelea kugonga kama kawaida.

Waliokuja kuchunguza hesabu zake baadaye walikuta kwamba longitudo alizozipima kuanzia hapo zilikosea kwa takriban maili 20, yaani zaidi ya kilomita 30. Kwa saa, hilo ni kosa la dakika moja na sekunde chache.

Livingstone alijua pia njia ya kuzisahihisha saa kwa kupima nafasi ya mwezi miongoni mwa nyota. Lakini kazi hiyo hutaka anga safi, mkono usiotetemeka na afya, na vyote hivyo vilikuwa adimu katika masika yale.

Aprili 1867 alifika kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika, ambayo wenyeji waliiita Liemba, jina linalojulikana leo kwa meli ya MV Liemba. Hapo aliugua sana. Novemba mwaka huo alifika Ziwa Mweru, na Julai 1868 alifika Ziwa Bangweulu, katika Zambia ya leo. Alilipima kwa saa zilezile, na aliliona kuwa kubwa kuliko lilivyo.

Siku zinazopotea

Machi 1869 alifika Ujiji akiwa hoi, akakuta sehemu kubwa ya bidhaa alizotumiwa imeibwa. Alivuka kwenda Manyema, na Julai 15, 1871 huko Nyangwe, kando ya Mto Lualaba, alishuhudia wafanyabiashara ya utumwa wakiwafyatulia risasi wanawake na wanaume waliokuwa sokoni. Mamia waliuawa kwa risasi au kwa kuzama mtoni.

Taarifa yake ya mauaji hayo, ambayo Stanley aliibeba hadi Ulaya, iliongeza shinikizo dhidi ya biashara hiyo. Juni 5, 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa bahari na kufunga masoko yao. Livingstone hakuishi hata kuzisikia habari hizo.

Henry Morton Stanley alimkuta Ujiji mwishoni mwa mwaka 1871. Tarehe za kukutana kwao hazilingani katika maandishi ya wawili hao. Stanley aliandika Novemba 10, wakati kwa shajara ya Livingstone ilikuwa Oktoba. Mtu aliyekuwa akihesabu sehemu za sekunde alikuwa, kwa maradhi, amepoteza siku nzima nzima.

Stanley alimsihi warudi pamoja Ulaya. Livingstone alikataa, kwa kuwa alitaka kwanza kukamilisha kazi yake. Waliagana karibu na Tabora Machi 14, 1872, na Agosti wakawasili watu 57 ambao Stanley aliwatuma kutoka pwani wakamtumikie.

Agosti 25 aliondoka nao. Oktoba walifika Ziwa Tanganyika, wakashika njia ya kusini kupitia Ufipa, wakipanda na kushuka milima ya kando ya ziwa katika jua kali la kabla ya masika. Juu yao, upande wa mashariki, zilikuwako nyanda za Wafipa, watu waliosifika kwa kufuma nguo za pamba na kuyeyusha chuma katika tanuru ndefu za udongo.

Hakuwa na muda wa kupanda kuzitazama. Alikuwa akirudi Bangweulu, na alikuwa akirudi kwa kufuata vipimo vyake mwenyewe vya mwaka 1868.

Ufunguo wa mwisho

Tangu Januari 1873 msafara ulizunguka katika kinamasi cha Bangweulu, mvua zikinyesha mfululizo, maji yakiwafika kiunoni na wakati mwingine shingoni. Livingstone alijiamini kuwa sehemu moja ya ziwa, kumbe alikuwa kwingine. Wenyeji waliomwelekeza hawakuafikiana na ramani yake, naye aliiamini ramani.

Sababu zilikuwa zaidi ya moja. Alikuwa akivuja damu kwa ugonjwa wa tumbo, vijiji vingine havikutaka kumpa mitumbwi, na mawingu yalifunika nyota. Lakini kosa la ile dakika moja, lililotokea miaka sita nyuma kwenye njia yenye utelezi, lilikuwa mojawapo.

Mwishoni mwa Aprili alibebwa kwenye machela hadi kijiji cha Chitambo, kusini mwa ziwa. Aprili 30 mchana alimwita Susi na kumwomba amletee saa yake. Hakuwa tena na nguvu za kuishika na kuijaza kwa pamoja. Alimwelekeza Susi namna ya kuilaza kwenye kiganja, kisha yeye mwenyewe akauzungusha ufunguo polepole.

Saa tano usiku aliuliza kuhusu kelele za nje, na umbali wa Mto Luapula kutoka pale. Baadaye aliomba dawa, akawaruhusu watu wake waende. Inapata saa kumi alfajiri ya Mei 1, 1873, kijana aliyelala naye kibandani aliwaita wenzake. Walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekwisha kufa. Alikuwa na umri wa miaka 60.

Waliobeba

Kilichofuata hakikuamriwa na mtu yeyote. Susi, Chuma na wenzao waliamua kuurudisha mwili pwani. Waliuzika moyo wake chini ya mti hapo Chitambo, ambapo Jacob Wainwright, aliyesoma shule ya wamisionari huko Nasik nchini India, alisoma ibada na kuchonga maandishi mtini. Wainwright aliandika pia orodha ya mali zote za marehemu, ili kisipotee kitu.

Mwili uliwekwa chumvi na kukaushwa kwa jua kwa siku 14, ukafungwa ndani ya gome la mti na turubai. Kisha safari ya zaidi ya kilomita 1,600 ilianza. Walipita tena Ufipa, safari hii wakijitenga na ziwa kwa upande wa mashariki ili kuepuka milima iliyowatesa mwaka uliotangulia. Kwa kujua njia bila saa wala sekstanti, walichagua vizuri kuliko yeye.

Walipofika Kwihara, karibu na Tabora, walimkuta afisa wa jeshi la wanamaji la Uingereza, Lovett Cameron. Aliwashauri wamzike hapohapo, wakakataa. Cameron alifungua masanduku na kuchukua baadhi ya vyombo vya kupimia vya marehemu kwa ajili ya safari yake mwenyewe. Mbele zaidi, kwa kuhofia kuzuiwa na wenyeji waliochukia kupitishwa kwa maiti, waliufunga upya mwili huo ukafanana na mtumba wa nguo.

Februari 1874 walifika Bagamoyo. Aprili 18 mwaka huo Livingstone alizikwa katika Kanisa la Westminster Abbey mjini London, baada ya madaktari kuutambua mwili kwa ule mfupa wa mkono uliovunjwa na simba miaka 30 kabla.

Ng'ambo ya barabara kutoka kaburi lake ipo saa kubwa ya Bunge la Uingereza, maarufu kwa jina la kengele yake, Big Ben. Saa hiyo iliyoanza kazi mwaka 1859 ilitengenezwa na kampuni ileile ya Dent, iliyotengeneza kronomita ya safari yake ya kwanza.

Chuma hakuishia hapo. Mwaka 1879 aliajiriwa kuongoza msafara wa Joseph Thomson, na mwaka 1880 msafara huo ulipita Ufipa, na Thomson akaliona Ziwa Rukwa kwa mbali. Kwa hiyo Chuma aliifahamu nchi hiyo kuliko bwana wake wa zamani alivyowahi kuifahamu. Alifariki dunia Zanzibar mwaka 1882, na Susi alimfuata mwaka 1891.

Leo mkusanyaji wa saa akiipima saa ya kale kwa milimita, anapima kitu kinachoonekana. Livingstone alipima kisichoonekana: iwapo saa aliyoibeba bado ni mwaminifu baada ya mvua, joto na kuanguka. Katika kinamasi cha Bangweulu uaminifu huo ulimkosa. Akaupata kwa wale watu waliomshikia saa akiijaza kwa mara ya mwisho, na waliombeba hadi baharini.